Daktari Tuliyempa Jina la Mwalimu

Harufu ya pasi ya makaa inayounguza kitambaa bado hunifanya nitoke nje, na wa kulaumiwa ni baba yangu. Alikuwa fundi cherehani Nyamirambo, hapa Kigali. Jumapili mchana alisukuma vyerehani ukutani, akaweka televisheni na video juu ya meza ya kukatia, akawaonyesha majirani filamu. Kaseti zilikuwa za Kifaransa. Yeye alisimama pembeni akipiga pasi nguo za wateja huku akitutafsiria kwa Kiswahili.

Tena alikuwa na mtindo wake: wahusika aliwapa majina ya watu wa mtaani. Mwizi akawa muuza nyama wetu, bibi harusi akawa mama yangu, nasi tukacheka mpaka mbavu zikauma.

Mwishoni mwa mwaka 1990 akaleta filamu ya kutisha ya wanasayansi. Walikuwa wamefuga kitu ndani ya chupa kubwa maabara, kikakua, kikatoka. Wote walikuwa Wazungu isipokuwa daktari mmoja, mwanamke mweusi mwenye miwani na koti jeupe. Kwenye kioo kile sikuwahi kumwona mwanamke wa rangi yangu akifanya kazi nyingine ila kufagia, kwa hiyo nilimpenda papo hapo. Lakini niwaambie ukweli: nilikuwa nimeshaitazama kaseti Jumamosi, Baba alipokuwa akijiandaa, na nilijua kwamba yeye ndiye anayekufa wa kwanza.

"Huyu tumwite nani?" Baba akauliza.

"Mwalimu Konsolata," alisema Mukamana, rafiki yangu, tuliyebanana naye mkekani.

Watu wote dukani wakageuka kumtazama. Mwalimu Konsolata alikuwa mama yake. Wiki mbili kabla ya hapo askari walimchukua, kama walivyowachukua wengine wengi, wakidai anawasaidia waasi walioingia kutokea Uganda, na hakuna aliyejua alipo. Nilimkazia Baba macho ili akatae. Baba alimtazama Mukamana.

"Haya," akasema. "Daktari Konsolata."

Kuanzia hapo sikufuata hadithi tena, nilikuwa naogopa tu mlango wa chumba cha baridi, ambamo nilijua daktari angeuawa. Daktari alipoingia, kile kitu kikamfuata, na watu wakaanza kupiga kelele.

"Mwarimu Konsolata, kimbia! Iko nyuma yako!"

Walipiga kelele hata wale ambao wiki zile mbili walikuwa wakivuka barabara ili wasipite mbele ya nyumba ya kina Mukamana. Nilimshika mkono. Ulikuwa umelowa jasho, sijui langu au lake.

Mlango ukajifunga. Damu ikatiririka chini yake, kisha ukaonekana mguu wa daktari wenye kiatu cheupe. Baba aliduwaa, pasi imetulia juu ya suruali ya mteja, moshi ukaanza kupanda.

"Haiko yeye," alisema Mzee Shabani, muuza vitenge, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kumbishia Baba. "Mimi nimeona. Iko natoka na mlango ya nyuma."

"Ni kweli," mwanamke mmoja akadakia. "Hata mimi nimeona."

"Ametoka," Baba akasema. "Amekwenda kuita watu."

Mukamana akanigeukia. Alijua nilishaiona filamu ile.

"Ametoka?"

"Ametoka," nikajibu.

Mama yake aliachiwa miezi kadhaa baadaye, amekonda mno. Lakini uongo ule ulinikera miaka na miaka, maana niliamini tulikuwa tumemdanganya mtoto na akadanganyika. Tulipokuwa watu wazima nilimwomba radhi. Mukamana akacheka kidogo. Mguu aliuona, akasema, hakuwa mjinga. Ila tangu mama yake achukuliwe, hakuna mtu mtaani aliyethubutu kumtaja. Hata shangazi yake, humo humo nyumbani, alisema "yule" tu, kwa kunong'ona. Siku ile Mukamana alitaka kulisikia jina la mama yake likiitwa kwa sauti, na watu wengi.