Mashine ya Kumweka Mume Nyumbani

Mume wangu alikuwa fundi wa injini kwenye meli za mtoni, na mimi nilikuwa mke wa kuagana. Meli ikishuka kwenda Léopoldville, anashuka nayo. Ikirudi Kisangani, jina letu wenyeji la mji wetu, nampata siku chache, ananuka mafuta, analala. Watu waliniita mwenye bahati kwa sababu nilivaa kitenge kipya. Wangejua! Nilikuwa namtaka aliyekinunua.

Kisha karakana ya Mzungu mmoja kule Makiso ikafungwa, na mume wangu akanunua mashine yao kuukuu ya kukereza chuma, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Alisema ataiweka sebuleni, atengeneze vipuri vya baiskeli na pikipiki, asipande meli tena. Jirani yangu akacheka, akauliza wageni nitawakalisha wapi. Nikamjibu, ukipenda boga, penda na ua lake. Mlango ulikuwa mwembamba, basi ukuta wa mbele tuliubomoa wenyewe, na mimi niliyagonga matofali yale kwa furaha kama ninayetwanga chakula cha harusi.

Lori liliishusha barabarani, na kutoka pale hadi kwetu ni mteremko. Kaka yangu alikuja na wenzake, wavuvi wa kwenye maporomoko kama ukoo wetu wote, watu wanaosimamisha miti mikubwa katikati ya maji makali ili wafunge mitego yao. Walitandika mbao, wakapanga magogo ya mviringo juu yake, mashine ikaanza kuviringika polepole, kamba nene ikiizuia kwa nyuma. Mume wangu alikuwa na amri moja, akairudia hadi ikachosha.

"Mutu asisimame chini yake. Kama inateleza, acha ianguke. Mutu asitie mukono!"

Wavuvi waliitikia, lakini nilimwona kaka yangu akitabasamu. Kwao mti ukiteleza majini, wote wanaurukia, na anayeuachia atachekwa hata na wanawake.

Ilifika kwenye ukuta uliobomolewa, nusu yake ikawa ndani. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupakua pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo. Hapo ubao mmoja ukazama kwenye udongo uliolowa mvua, na mashine ikalala upande. Kaka yangu na wenzake wakairukia kwa mabega na mikono, ikasimama. Naapa ilisimama.

"Acha!" mume wangu akapiga kelele. "Muache yote! Mutoke!"

Wakatoka. Ikaanguka juu ya matofali, na mgongo wake ukapasuka katikati. Chuma cha namna ile, hata ukikiunga, hakinyooki tena vile kazi inavyotaka.

Kaka yangu alimgeukia shemeji yake kwa hasira. "Semeki, tulikuwa tumeikamata!"

"Machine iko chuma tu," mume wangu akamjibu. "Wewe iko mutu."

Niliwapakulia wote, wakala. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi niliendelea kuyatazama pale chini. Bandarini, siku mume wangu aliporudi kazini, nilimwambia ukweli: kwamba nina hasira naye, kwamba angewaacha waishike kidogo tu. Akasema anajua. Hakusema kwamba nimekosea, wala hakusema kwamba yeye amekosea, akapanda meli. Alisafiri hadi uzee ulipomshusha, na baada ya hapo hakukaa nami sana kabla Mungu hajamchukua.

Miaka ile yote aliyenilisha ni kaka yangu. Alikuja asubuhi na samaki, amewabeba kwa mikono yake miwili mizima, tukataniana mlangoni, na nilimpenda kweli kweli. Akishaondoka nilikaa jikoni nikimtamani mume wangu hadi kifua kikauma. Kisha niliinuka, nikapika chakula cha mtu mmoja.