Kife Kwanza Ndipo Tununue Kingine

Kinyozi tunayemsema hapa alikuwa na mkono mwepesi na moyo mwepesi zaidi. Mkono ulimletea wateja, moyo ukamletea balaa. Akishapenda kitu, haambiliki wala hasemezeki.

Safari hii alipenda kusaka vyuma. Ilianzia kwenye kiwanja cha mpira kilichoachwa, nyuma ya kibanda chake cha kunyolea, alipowaona watu watatu na ditekta zao, mashine za kutambua chuma ardhini, wakipitisha sahani zake juu ya nyasi taratibu kama wanaopiga pasi. Mashine ikilia, wanachimba. Mmoja akaibua sarafu ya zamani, akaifuta kwenye suruali, na kinyozi wetu akaenda kulala akiiota sarafu ya mwenzake.

Mjomba wake alikuwa fundi redio, na kila mwisho wa mwezi alikuja kunyolewa ndevu bure, ndiyo haki ya mjomba. Alipopata habari, akatoa chini ya meza yake ditekta kuukuu aliyoachiwa na mteja asiyerudi. Akaifungua, akabadilisha waya zilizochoka, akalehemu upya kila kiungo. Kazi ilikwenda polepole, maana mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na binti yake alishamsihi apumzike kabla hajajiunguza. Mzee alikuwa na jibu moja: "Siku nitakayotoa kazi mbovu, nitaacha mwenyewe. Sitangoja kuambiwa."

Alipoimaliza, akamwita mpwa wake.

"Anza na hii. Haina kioo, haina mbwembwe. Ina sauti moja tu, ikilia chimba. Masikio yako yatajifunza yenyewe."

Na ilifanya kazi, tena vizuri, hilo tuseme kabisa lisije likapotea. Kinyozi aliibua vizibo vya soda, misumari, kijiko, kufuli isiyo na ufunguo, na kengele ya baiskeli ambayo bado ililia. Lakini wale watatu walikuwa na mashine mpya, zenye vioo vinavyosema mapema kilichoko chini ni takataka au ni mali. Kila ya kwake ilipokoroma, walicheka.

"Mzee wako kakohoa tena! Chimba, huenda anataka dawa."

Angecheka nao yangeisha. Yeye akaona haya, na haya hiyo ikageuka tamaa.

Nyumbani kulikuwa na sheria, na hakimu wake alikuwa mkewe, fundi cherehani. Birika lilikuwa na mpini uliofungwa kwa waya, na redio ilizungushwa kwa koleo. "Kife kwanza, baba watoto, ndipo tununue kingine." Kinyozi akalitafakari neno hilo siku kadhaa. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini huyu siku hiyo alikuwa na upara. Alasiri moja, mke akiwa kazini, akafungua ditekta ya Mjomba kwa bisibisi, akaukata waya mwekundu kwa koleo, akafunika. Mkewe alipoijaribu, haikutoa hata mlio. Akasikitika, akatoa akiba waliyokuwa wakiiwekea friji, na mashine mpya ikaingia ndani.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kioo kiliwaka, wale watatu wakamwita mwenzetu. Lakini kila alipokitazama aliuona ule waya, na utamu ukamkauka mdomoni.

Mkewe, kwa wema wake, akaipeleka ile iliyokufa kwa Mjomba, labda angepata vipuri. Kinyozi hakujua, mpaka binti wa Mjomba alipoingia kinyozini na mwanawe wa kunyolewa.

"Baba ameacha kazi," alisema. "Amefungua ile mashine akakuta waya umekatika. Anasema ni yeye, mkono ulimponyoka na koleo likauumiza waya bila yeye kuona. Tena kamtia hasara mtoto wa dada yake! Kesho vifaa vyote anampa fundi simu wa pale kona. Mimi nilitaka apumzike, kaka, lakini siyo hivi. Hata chakula hagusi."

Kinyozi alikinyoa kile kichwa nusu, akaomba radhi, akatoka na taulo begani, mama na mtoto wakimfuata nyuma.

Binti alipitiliza ndani na mwanawe; kinyozi akamkuta Mjomba mbele ya meza tupu. Vifaa vyote vilikuwa kisandukuni, na ditekta ilikuwa wazi mapajani mwake.

"Mjomba, waya hukatika tu."

"Wangu haukatiki tu."

"Pengine panya."

"Panya huacha meno." Mzee akamwonyesha ncha ya waya, laini, iliyonyooka. "Hili ni koleo. Na koleo lililowahi kugusa waya huu ni langu peke yake."

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa, ila hii iliishia kwenye imani ya mzee, na hapo kinyozi akashindwa kupita. Mzee alikuwa tayari kuishuku mikono yake yote miwili kabla ya kumshuku yeye. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

"Ni langu," alisema. "Niliukata mimi. Nilitaka mpya, na mama watoto hanunui mpaka cha zamani kife."

Kinyozi akainamisha kichwa, akingoja matusi, hata kofi angelipokea kwa mikono miwili. Mzee akainua mikono yake, akaigeuza huku na huku, ikitetemeka vilevile.

"Kwa hiyo siyo hii," alisema polepole. Kisha akapaza sauti kuelekea ndani: "Mwanangu! Fungua kisanduku! Haikuwa mikono yangu!"

Akalehemu ule waya palepale huku akipiga mluzi. Mashine ikakoroma. Hakuuliza neno zaidi, wala hakumrudishia.

Ile mpya iliuzwa, na mkewe aliposikia yote hakugomba, alimtazama tu kama anayepima kitambaa kilichoharibika. Friji ikaanza kuwekewa akiba upya.

Mwisho wa mwezi kinyozi hakumtarajia Mjomba. Akaja. Akaketi kwenye kiti kama siku zote, akaegemeza kichwa nyuma, akafumba macho, koo lote wazi. Kinyozi akampaka povu, akafungua wembe, akausogeza. Ulipokaribia shingo, mkono ukaanza kumcheza. Akaushusha, akaujaribu tena.

"Unatetemeka leo," Mjomba alisema bila kufumbua macho.

"Ndiyo, Mjomba."

"Basi ngoja utulie. Mimi sina haraka."