Nilisoma Habari ya Gari la Jirani, ya Gari la Mjomba Nikaificha

Shikamooni wakubwa. Msimamizi wa kundi, nifichie jina, maana kisiwa chetu cha Mafia ni kidogo. Nina miaka kumi na sita, nasoma kidato cha tatu. Nalelewa na mjomba wangu, dereva wa gari la abiria kati ya Kilindoni na Utende.

Kila Jumatatu mimi ndiye msomaji wa habari shuleni. Jumapili nasikiliza redio, naandika kwenye daftari, kesho yake nasoma mbele ya mstari. Mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba magari ya aina mbili yanatakiwa kurudishwa kukaguliwa, breki zake zina hitilafu. Aina ya kwanza waliizungumzia kirefu, kwa sauti ya kutisha, wakamhoji hadi fundi. Ya pili, ambayo tangazo lake hupigwa kila siku kabla ya taarifa, waliipitia kwa sentensi moja mwishoni. Ya kwanza ni gari la Baba Zuhura, jirani yetu, anayegombea abiria na mjomba. Ya pili ni la mjomba.

Niliandika zote mbili, nikasoma moja. Nilijiambia, kama redio imeipunguza, mimi nikiiacha kuna ubaya gani?

Kufika saa nne shule nzima ilikuwa inamcheka Zuhura, rafiki yangu tunayekaa naye dawati moja. "Zuhura, baba yako anakanyaga breki au anasoma dua?" Alilia hadi kengele ya mwisho. Abiria wa baba yake wakahamia kwa mjomba, hata wanafunzi wenzangu. Mjomba akacheka: "Mpwa wangu, ulimi wako una baraka!"

Wiki iliyopita nilikutana na Baba Zuhura njiani. Nilitamani kumkwepa, nikaona aibu, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nakutafuta nikushukuru. Gari nimelivusha bara, mafundi wamefungua breki wakaikuta mbovu kweli. Bila wewe ningeua watu."

Nilimuaga haraka. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba, nikamkuta anaosha gari. "Mjomba, siku ile na gari lako lilitajwa. Mimi ndiye niliyeliruka."

Hakushtuka hata kidogo. "Najua, nami nilisikia. Nikilipeleka bara, abiria wote watarudi kwa yule. Ulinisitiri, endelea kunisitiri."

Tangu hapo, kila asubuhi nasimama langoni mwa shule nikiwahesabu wenzangu wanaposhuka kwenye gari la mjomba.

Jumatatu nasoma tena. Nikiitaja habari ile, namwaibisha mtu aliyenilea tangu mama alipofariki. Nikimnong'oneza mwalimu wa zamu, mjomba atajua tu ni mimi. Lakini mjomba si mtu mbaya, naamini akibanwa kidogo atalipeleka.

Nishaurini nianzie wapi. Ila tafadhalini, msiniambie ninyamaze. Hilo nimeshalifanya mwezi mzima.