Toroli la Thongdam na Viwavi wa Mama Khamphui

Mdogo wangu Thongdam aliuza petroli miaka thelathini na miwili pale njia panda ya kijiji chetu, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyemwambia jambo kuhusu petroli akalikubali siku hiyohiyo. Pua yake, alisema, imesoma kuliko mwalimu. Ukimpa chupa huinusa mara moja, hufumba jicho la kushoto, kisha hutaja namba ya daraja lake: "Hii tisini na moja. Hii tisini na tano. Hii imelala karibu na nguo za kufua." Watu walikuwa wakishangaa. Mimi sikushangaa, maana siku hizo petroli ya tisini na moja ilikuwa nyekundu na ya tisini na tano ya njano, na jicho lake la kulia lilikuwa wazi.

Alikuwa na pipa lenye pampu ya kuzungusha kwa mkono, na kando yake rafu ya chupa. Imani yake ilikuwa moja: namba kubwa, nguvu kubwa. Alimuuzia ya njano hata mwenye pampu ya maji iliyozaliwa kabla ya baba yetu kuoa. Siku moja alimpaka jogoo wake wa kupigana tone moja kila mguu. Jogoo alishindwa, lakini Thongdam alisema alishindwa kwa kasi.

Petroli ya pipa aliletewa na mtu mmoja wa lori kutoka upande wa mto, kwa bei ya kupendeza. Pikipiki zote za kijiji ziliinywa, na zote zilitoa moshi mzito wa rangi ya buluu, na zikipanda mlima wa hekaluni ziligonga ndani kama karanga kwenye kikaango. Watu walipolalamika aliwajibu, "Injini inazungumza. Ingekuwa mgonjwa ingenyamaza."

Basi mwanawe Sawat akampenda Phikun, binti wa Mama Khamphui wa kijiji cha pili.

Mama Khamphui alikuwa mjane, mfuga viwavi wa hariri, na hariri yake ilikuwa ikitafutwa mpaka mkoani. Viwavi hudeka kuliko watoto wa mfalme. Ukipita na kitunguu wanasusa. Ukiwapitishia moshi wanatapika, wanalegea, wanakufa wakiwa hawajasokota hata uzi wa kufungia kidole. Mara mbili toroli la Thongdam, ile pikipiki kuukuu yenye kitanda cha chuma ubavuni, lilipita mbele ya nyumba yake, na mara mbili alizika ungo mzima wa viwavi. Majani ya miforosadi yake kando ya barabara yalikuwa na vumbi jeusi linaloshika vidole.

Na kwetu ni mwanamume anayehamia kwa wakwe. Sawat angekwenda kukaa kule pamoja na toroli lile, maana ndilo jembe lake, ndilo alilobebea mchanga na mpunga wa watu.

Mama Khamphui alikuja mwenyewe kutupa sharti, akasimama mbali na pipa kama anayesimama mbali na mbwa.

"Mzee Thongdam, mwanao simkatai. Nalikataa lile toroli."

"Lile ni la ukoo, mama."

"Basi siku ya arusi mje nalo mpaka mlangoni kwangu, saa tatu na dakika tisa, kama mtawa wa hekaluni alivyopiga hesabu ya saa njema. Nitashika kitambaa cheupe cha hariri nyuma ya bomba la moshi. Kikiwa cheupe, ndoa ipo. Kikiwa cheusi, mrudi na wali wenu."

"Hata siku ya arusi?"

"Viwavi hawajui arusi."

Phikun akatuma ujumbe kwamba mama yake hatanii, na kwamba mwenye mashine ya kukoboa mpunga ameshakuja kumposa mara mbili. Sawat hakula siku tatu. Mimi ndiye niliyemwita mwalimu Prasoet wa shule ya kijiji.

"Mzee Thongdam," mwalimu akamwambia, "namba si nguvu. Namba ni subira."

"Subira ya nani?"

"Ya petroli. Ndani ya injini inabanwa. Yenye subira inangoja cheche ndipo iwake. Isiyo na subira inalipuka kabla ya kuitwa, inaipiga injini kifuani. Huko ndiko kugonga."

"Kama Mama Khamphui."

"Mimi sikusema hivyo."

"Basi nitie ya njano, ina subira zaidi."

"Toroli lako la zamani halibani sana. Tisini na moja inalitosha. Ya njano ni kumvalisha nyati viatu. Ubaya wako ni uchafu, mzee. Yule wa lori anakuchanganyia mafuta ya taa. Yanashusha namba, tena yanatoa moshi. Nenda mjini ukanunue safi. Na ile oili unayoongeza kwenye petroli, pima kwa kipimo, usipime kwa huruma."

Thongdam alinuna siku mbili. Siku ya tatu alipanda basi bila kuaga. Alirudi jioni amelowa mvua, na mafua makubwa, na chupa mbili za petroli nyekundu safi. Alikuwa ameitia kwenye chupa za soda nyekundu, kwa sababu vifuniko vyake havivuji. Akaziweka kwenye rafu ya ndani. Kwenye rafu hiyohiyo zilikuwapo chupa mbili za soda nyekundu za kweli, alizonunua kwa ajili ya Mwenye Kiwanja, mzimu anayekaa katika kijumba chake juu ya nguzo pale uani. Kila mtu anajua Mwenye Kiwanja anapenda soda nyekundu, iliyofunguliwa, yenye mrija.

Nikamwambia, "Thongdam, zitenge hizo."

"Dada, usiziguse. Nazijua kwa pua."

Aliyasema hayo huku pua yake imeziba kama chungu cha samaki wa kuchacha.

Asubuhi ya arusi nilikuwa jikoni na wanawake wenzangu, tunapepea wali wa kunata. Nikamsikia akipiga kelele za furaha.

"Dada Bua! Njoo uone petroli hai! Inatoa povu!"

Nilichungulia. Alikuwa anamimina kwenye tangi la toroli alilolikausha, na povu la waridi lilipanda mpaka mdomoni.

"Petroli gani inatoa povu?"

"Safi, dada. Wewe umezoea chafu."

Nilikuwa na wali motoni, nikarudi. Laiti ningesimama pale dakika moja zaidi.

Yeye akachukua chupa mbili zilizobaki, akazitia mirija, akampelekea Mwenye Kiwanja pamoja na ndizi, ua na mshumaa. Akapiga magoti, akaomba ndoa ipite salama. Hakumaliza. Mshumaa ulimaliza. Moto ukaruka fuu! Kijumba chote kikashika, paa lake la dhahabu, nguzo zake ndogo, na wale tembo wa udongo wakabaki weusi kama viatu. Thongdam akarudi nyuma bila nyusi.

Tukazima kwa maji ya kupikia. Kisha watu sitini wakafikiri jambo moja kwa pamoja. Kama mzimu amenyweshwa petroli, tangi limenyweshwa nini?

Sawat akapiga kiki. Toroli likatoa sauti ya mtoto anayekunywa mwisho wa glasi kwa mrija.

"Baba," akasema, "umeniua."

Shemeji yetu mmoja akasema, "Tulimwage hilo tangi, tutie ya pipa, twende!"

"Tukitia ya pipa," Sawat akamjibu, "tutafika na wingu. Kitambaa kitakuwa cheusi kabla hatujashuka."

Tena jambo likazuka. Mzee wa matambiko alisema Mwenye Kiwanja hana nyumba sasa, na mzimu asiye na nyumba hukaa kwenye kitu cha kwanza cha chuma anachokiona. Akalielekezea kidole toroli. Tusingeweza kuliacha tena, maana tungemwacha yeye. Wakamwekea kikapu cha wali wa kunata juu ya kitanda cha toroli, kifuniko wazi, akae kwa heshima. Ilikuwa saa mbili na nusu. Safari ni kilomita tatu.

Tulisukuma. Nimeona mengi katika maisha yangu, lakini sijawahi kuona bwana arusi aliyevaa hariri akisukuma pikipiki, ngoma mbele, trei za maua nyuma, na baba yake asiye na nyusi ameshika usukani, akiwaambia watu wa njiani, "Tunaiokoa barabara na moshi! Tunaiokoa barabara!" Kwenye mlima mdogo wa daraja Sawat aliteleza, toroli likarudi nyuma, na mpiga ngoma akalizuia kwa ngoma. Ngoma ikapasuka. Aliendelea kuipiga upande mmoja.

Tulifika saa tatu na dakika nane. Mama Khamphui alikuwa mlangoni, saa mkononi, kitambaa begani.

"Kwa nini mnasukuma?"

"Heshima kwa viwavi, mama," Thongdam akasema.

"Na nyusi zako?"

"Zimetangulia."

Akainama nyuma ya bomba, akatandaza kitambaa. "Washa."

Sawat alimtazama Phikun, ambaye alikuwa dirishani ameuma kidole. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Mara ya tatu toroli likakohoa, na kutoka bombani likatema kitu kimoja tu: tone kubwa la waridi, pwa, katikati ya hariri nyeupe.

Mama Khamphui akalinusa. Akaligusa kwa kidole, akakipeleka ulimini.

"Tamu," akasema. "Hii ni namba ngapi?"

Thongdam akafungua kinywa. Mimi namjua mdogo wangu, uongo ulikuwa umeshafika menoni. Lakini kikapu cha Mwenye Kiwanja kilikuwa pembeni yake, wazi, na nyusi zake zilikwisha kulipa mara moja.

"Ni soda, mama," akasema kwa sauti ndogo. "Petroli nilimpa mzimu. Mimi sijui kunusa. Sijawahi kujua. Naangalia rangi."

Mama Khamphui akakitazama kitambaa, akamtazama yeye. Kisha bega lake likatikisika, likatikisika tena, na tukagundua anacheka, jambo ambalo hata Phikun hakuwahi kuliona tangu msiba wa baba yake.

"Nilisema cheupe au cheusi," akasema. "Waridi sikuikataza. Ingieni. Lakini sikia, mkwe. Mbele ya nyumba yangu, toroli hili litatembea hivihivi siku zote."

Na ndivyo ilivyokuwa. Thongdam alimfukuza mtu wa lori, akauza petroli safi ya mjini, nyekundu kwa wenye injini za zamani, na kugonga kule mlimani kukaisha. Moshi ulipungua hata nguo zetu zikaanza kukauka nyeupe. Hata hivyo kila alipokwenda kule, kwa pikipiki yoyote, alipofika darajani alizima, akashuka, akasukuma mpaka kupita mti wa mwisho wa mforosadi. Sawat alisukuma. Wageni wao walisukuma bila kujua kwa nini.

Mwaka aliofariki Thongdam, jeneza lake lilikwenda hekaluni juu ya toroli lile, likipitia mbele ya nyumba ya Mama Khamphui. Darajani Sawat akazima injini. Mama Khamphui akatoka, mzee kama mimi, akaweka bega kwenye chuma, akasukuma pamoja nasi. Na mkono wake mwingine, kwa mazoea tu, ulikuwa nyuma ya bomba la moshi, umeshika kitambaa cheupe.