Kompyuta ya kiganjani niliyoiacha dukani

Leo nimeshindwa hoja dukani, ndugu zangu, na aliyenishinda ni mashine.

Nilikuwa nachagua kati ya kompyuta mbili za kiganjani. Moja hunasa intaneti bila waya. Nyingine hutunza miadi na anwani tu. Nikamweleza muuzaji, Mzee Kirit, kwa kirefu, kwa nini msomi hawezi kuishi bila ile ya kwanza.

"Profesa, punguza mhadhara," akasema. "Ijaribu. Mtandao wa hoteli ya jirani unafika hapa."

Nikafungua barua pepe.

Hakuna neno kutoka kwa Anna, mchumba wangu aliyeko masomoni ng'ambo.

Nikanunua ile nyingine.

Mimi huja mjini kusoma barua pepe Jumamosi tu, kama leo. Siku sita zilizobaki, kule kwangu Shirimatunda, huamini kwamba ameshaandika.

Nani kati yenu angekubali kuzipoteza siku hizo? Nibishieni.