Mahindi ya Kuonyesha Mashine

Sijawahi kumkasirikia mama kama Jumamosi ile, nyumbani kwetu Myanga.

Kazi yangu ni kuosha chupa na kusaga sampuli kwenye maabara moja ya nafaka Kitale. Sikusoma sana, lakini ile mashine kubwa ya pale naipenda, bana, na siku moja nitaiendesha mimi. Unga wa mahindi unatikiswa ndani ya dawa, unachujwa, halafu tone dogo linapulizwa kupitia sindano yenye umeme. Linageuka mvuke, chembe zinabaki zimebeba umeme. Hizo ndizo ioni. Zinavutwa ndani kusiko na hewa, zinatenganishwa kwa uzito. Zile za sumu ya ukungu zikigonga kule mwisho, kompyuta inachora mlima.

Mahindi aliyonitumia mama tuyapime hayakuchora hata kichuguu. Nikampigia simu nikicheka: "Ni safi kabisa! Mpikie mtoto uji." Mtoto ni wa dada yangu, ana miaka mitatu.

Sasa nafika, nampata mama na ungo, anachambua. Mazuri anaweka kwa gunia, yale ya ukungu wa kijani kwa beseni.

"Haya ya beseni ni ya kuku?"

"Kuku gani? Hayo ndiyo ya uji. Mazuri ni ya kuuza. Hata wewe si nilikutumia mazuri?"

"Mama! Ulichagua?"

"Ulitaka niwatumie wakubwa wako takataka? Ati waseme nyumba yenu ni chafu?"

Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. "Mashine haijui stoo yako! Inajua tu lile tone! Umeiandalia kama mgeni, mtoto ukampa sumu!"

Mtoto akaanza kulia. Nikamwaga uji uliokuwa jikoni, nikamwaga na beseni shimoni.

Na hasira nyingine ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyesaga zile punje. Zilikuwa nzima zote, zinang'aa, hakuna hata moja iliyovunjika, na mimi nikafurahi tu. Tena nilimwambia, "Nitumie kilo moja." Kwamba unachota kila gunia, juu, katikati na chini, unachanganya, sikusema.

Tukaanza sampuli upya, kwenye magunia ambayo hakuwa ameyachambua. Mimi nachota, yeye ameshika mfuko. Mara nikaona vidole vyake vikitoa punje moja nyeusi.

"Rudisha."

"Lakini ona vile inakaa, mwanangu."

"Mama. Rudisha."

Akairudisha.