Kimya cha Fundi Cherehani

Hebu mwone fundi cherehani akiingia kibandani, mdomo kaufunga, ulimi kaubana kwenye kaakaa kama alivyofundishwa kliniki. Ukimsalimu anaitika "mm" tu; wateja hudhani anaringa. Kumbe anaufanyisha ulimi mazoezi, usije ukamlegea usingizini ukaziba njia ya hewa. Mchana akisinzia kitini hukoroma, na mkewe hushona vifungo kwa amani. Leo mkoromo ulikatika ghafla. Sindano ya mke ikasimama. Alihesabu hadi kumi na tisa, akamtikisa bega. Fundi akavuta pumzi kama aliyeibuka majini.

"Nimekupigia kelele tena, mama watoto?"

"Afadhali ungepiga, baba. Ulinyamaza."

Kesho mke anasafiri kumuuguza dada yake. Haya niambie, kimya kile atakisikiliza nani?